Kuivisha kamera rangi ya chumvi: shajara ya mradi, majaruba ya chumvi ya Nunge, Bagamoyo

Julai 5

Naanza kuandika leo kwa sababu leo ndege wamenikimbia mara nne, na mara zote nne nilikuwa nimekaa chini, nimetulia, nimevaa shati la kijivu lililopauka. Kusi inavuma taratibu, maji yamejaa kwenye majaruba ya mwisho karibu na mikoko. Heroe walikuwa upande wa mbali. Karibu yangu walikuwepo yangeyange na sululu wawili, wale wenye mdomo mrefu uliopinda, ambao hawakwenda kaskazini na wenzao kuzaa. Nilihesabu hatua kutoka kwao hadi nilipoweka stendi: 70. Nikafungua miguu ya stendi, nikapachika lenzi, na kabla sijaweka jicho wote walikuwa hewani.

Nikarudi nyuma hadi kwenye tuta nikaitazama kamera yangu kwa mbali. Uwanja wote mweupe, na katikati yake kitu kimoja cheusi: stendi nyeusi, lenzi nyeusi yenye urefu wa mkono, mkanda mweusi unapepea. Kama kigogo kilichoungua kimechomekwa juu ya shuka.

Lenzi si yangu. Rafiki ameniazima mpaka katikati ya Oktoba. Kwa hiyo sharti la kwanza limejiweka lenyewe: chochote nitakachokiweka juu ya vifaa hivi lazima kitoke chote, bila kovu na bila gundi. Na hata kingekuwa changu ningetaka kitoke, kwa sababu juma lingine nakuwa kwenye mikoko ya mdomo wa Ruvu, na huko kitu cheupe kinaonekana kama taa.

Julai 9

Watu wa nchi za theluji walishalijua tatizo hili zamani. Katika vita vya Ufini na Umoja wa Kisovyeti, Novemba 1939 hadi Machi 1940, askari wa Ufini walivaa mavazi meupe juu ya sare zao. Wajerumani walipofika karibu na Moscow mwaka 1941 bila maandalizi ya baridi, walivipaka vifaru na magari yao chokaa, na wengine wakajifunika mashuka ya kitandani. Theluji ilipoyeyuka, chokaa ikaoshwa na rangi ya zamani ikarudi. Mpaka leo wawindaji wa huko huzungushia bunduki na darubini zao bendeji nyeupe au kitambaa, kisha majira yakigeuka wanafungua.

Nimevutiwa hasa na mlenga shabaha wa Ufini, Simo Häyhä. Hakutumia darubini kwenye bunduki yake. Darubini ingemlazimu kuinua kichwa zaidi, na kioo chake kingeweza kumeta juani kikamfichua. Mimi siwezi kuacha kioo, maana kioo ndicho kazi yangu yenyewe. Lakini nimeandika pembeni ya daftari: kumeta, si weusi tu.

Theluji hatuna, ila chumvi tunayo. Na majaruba ya Julai, jua likishapanda, hayana tofauti kubwa na picha za theluji ninazoziona.

Julai 13

Nilianza na chokaa kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Kuta za Mji Mkongwe zilipakwa hiyo hiyo, kila mtu anajua kuikoroga, na inaoshwa. Niliichanganya na maji mpaka ikawa nzito kama uji, nikapaka miguu miwili ya stendi, wa tatu nikauacha kwa kulinganisha. Lenzi sikuigusa, namshukuru Mungu. Ilipokauka ilipendeza kweli. Nikaiacha usiku mmoja barazani, umande ukaingia.

Asubuhi nimeiosha. Chokaa imetoka yote, lakini chini yake alumini imebadilika. Palipokuwa na mikwaruzo ya zamani, rangi ya kiwandani imefunguka, na alumini imekuwa ya kijivu isiyong'aa, yenye vitundu ukipitisha ukucha. Chokaa mbichi ni kali. Inakula ile ngozi nyembamba inayoilinda alumini, kisha inaila alumini yenyewe mradi pana unyevu. Vifaru vya feleji viliistahimili, stendi ya alumini haiwezi. Atakayesoma hapa asipake chokaa kwenye alumini, hata kwa saa moja.

Julai 17

Wanga wa muhogo na chaki. Kijiko kimoja cha wanga kwa kikombe cha maji, nikapika mpaka ukawa mwangavu, nikatia vijiko vitatu vya chaki ya ubaoni iliyotwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa. Safari hii nimejaribu juu ya kipande cha bomba kwanza.

Mchana ulikuwa mzuri: mweupe usiong'aa, haudondoki, na unatoka kwa kitambaa chenye maji bila kusugua. Nikatumaini sana. Saa kumi na moja alfajiri bomba lilikuwa linanata. Hewa ya pwani saa hizo ina maji mengi kiasi kwamba wanga ulirudi kuwa uji, na vidole vyangu vikawa vyeupe. Wanga wenye chaki ukigusa pete ya kufokasi ya lenzi, chembe zinaingia ndani na hazitoki. Tena sisimizi walikuwa wameshaijua njia yake. Basi.

Sitapaka kitu tena juu ya vifaa vyenyewe. Rangi itakaa juu ya nguo, na nguo itakaa juu ya kamera.

Julai 20

Nimekwenda kwa shangazi Magomeni. Ameshona kanzu na sare za shule tangu sijazaliwa. Nilimwamkia, nikamweleza mradi mzima, akanisikiliza huku mguu wake unaendelea kukanyaga cherehani.

"Sasa mwanangu, hiyo kamera unataka kuizika?"

"Hapana shangazi. Nataka ndege wasiione."

"Basi ni sanda hiyo hiyo." Akafungua sanduku akatoa merikani, ile ya kiwandani isiyopaushwa, rangi yake kama unga wa muhogo wenye vumbi kidogo. "Hii haing'ai. Ukitaka nyeupe ya kung'aa katafute popelini, lakini mimi nikiwa ndege popelini naiona toka Zanzibar."

Alipima lenzi kama anavyopima mtoto: urefu, mzunguko wa shingo, mzunguko wa tumbo. Akaniuliza ni wapi panazunguka na wapi hapazunguki, na kila penye pete akaacha mwanya wa vidole viwili uliofunikwa na ulimi wa kitambaa, ili mkono uingie bila ngozi kuonekana. Mbele ya kioo amenyoosha kitambaa kiganja kimoja zaidi, kama ukingo wa kofia, kikiwa kimewekewa ukanda wa kadibodi ndani ili kisilale. Hiyo ndiyo dawa yangu ya kumeta. Miguu ya stendi imepata soksi tatu zenye tundu kwenye kila kibano.

Pa kufungia alitaka kuweka velkro, nami nikakubali.

Julai 24

Jambo la leo nilitarajia liwe dogo, limenichukua siku nzima.

Merikani mpya ina wanga wa kiwandani, inakwaruza na inapiga kelele kama karatasi, kwa hiyo ilibidi ifuliwe. Nikiwa nataka kuitia kwenye sabuni ya unga nikakumbuka jambo: sabuni nyingi za unga zina dawa ya kung'arisha. Dawa hiyo inameza miale ya urujuanimno tusiyoiona na kuitoa ikiwa mwanga wa buluu. Ndiyo maana shati jeupe lililofuliwa linaonekana jeupe kuliko lilivyokuwa dukani. Na ndege si sisi. Jicho letu lina aina 3 za seli za rangi, la ndege lina 4, na ile ya nne imeelekea upande huo huo wa urujuani, kwa wengine inapita mpaka kwenye urujuanimno.

Wakala wa fedha mtaani kwetu ana taa ya zambarau ya kukagulia noti. Nilimwomba dakika tano wakati hana wateja. Nimeweka chini ya taa kipande cha shuka la nyumbani, kilichofuliwa kwa sabuni ya unga miaka na miaka: kikawaka buluu kama mbalamwezi, hata vidole vyangu vilivyokishika vikapata mwanga. Nikaweka merikani mbichi. Kimya, rangi ile ile ya unga. Wakala mwenyewe akatoa leso yake mfukoni akaiweka, ikawaka. Tukacheka wote wawili, na wateja wawili waliofika wakaweka vitenge vyao.

Kwa hiyo merikani imefuliwa kwa maji ya moto na sabuni ya mche peke yake, ikasuuzwa mara tatu, nikarudi nayo kwa wakala ikiwa bado na unyevu. Kimya vile vile. Hapo ndipo nilipoamini.

Agosti 2

Nimejifunza kwamba chumvi si nyeupe. Nimekaa kwenye tuta toka saa kumi na mbili na robo asubuhi na vipande vinne vya kitambaa, natazama. Jua likichomoza jaruba ni la kijivu chenye buluu. Saa moja na nusu linapata uwaridi pale maji yalipobaki. Saa tatu ndipo linakuwa jeupe la kuumiza macho, na saa hiyo joto limeshaanza kuitikisa hewa, picha hazifai tena. Kwa maneno mengine, saa ninazozihitaji ni zile ambazo chumvi ni ya kijivu, na merikani safi ndani ya saa hizo inang'aa kuliko ardhi. Nilipiga picha ya simu na kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe, ikawa wazi kabisa: kamera iliyokuwa kigogo cheusi sasa ni meno.

Rangi nimeichukua pale pale. Tope la chini ya jaruba, lile laini la kijivu, nimelichekecha, nikalikoroga na maji nikaloweka kitambaa mabaka mabaka. Likikauka linashika vya kutosha kwa siku moja, na linatoka kwa maji ya bomba. Sikutumia ganda la mkoko, ingawa linashika rangi vizuri sana. Hiyo haitoki, na mikoko yenyewe inahitaji ngozi yake.

Agosti 3

Mabaka nimeyaweka pabaya. Nilifikiri kama mtu anayechora: tope liko chini, chumvi iko juu, basi lenzi iwe na tope chini na nyeupe juu. Kwa mbali ilionekana duara kabisa, kama pipa limelala. Nimeangalia mpaka macho yakauma, sikujua kosa liko wapi.

Jioni nilipita soko la samaki kutafuta kitoweo. Kulikuwa na jodari mezani, mzima, maji bado yanamtiririka. Mgongo wa buluu iliyokoza karibu na weusi, ubavu unafifia, tumbo jeupe kama fedha. Nikasimama pale mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua au naswali. Jua liko juu. Kitu chochote cha mviringo linakipa mwanga mgongoni na kivuli tumboni, na hicho kivuli ndicho kinacholiambia jicho kwamba hapa pana umbo. Jodari amebeba rangi kinyume: mgongo wa giza unameza mwanga, tumbo jeupe linafuta kivuli, na akiwa majini anakuwa bapa, hana umbo. Swala naye ana tumbo jeupe, nami nimemwona Saadani mara ngapi bila kuuliza kwa nini.

Nimenunua nusu kilo ya jodari na nikarudi nyumbani kufua kitambaa. Tope lote limehamia mgongoni, ubavuni nimelipunguza kwa sponji, tumboni merikani tupu.

Agosti 4

Kwa mbali lenzi imelala. Hatua 40 na inaonekana kama tuta dogo. Sina neno jingine la kuelezea furaha yangu.

Agosti 10

Jaribio la kwanza na ndege. Nilifika gizani, nikakaa ubavuni mwa tuta. Yangeyange walikuja wenyewe mpaka hatua 35. Sululu mmoja hatua 50, akaendelea kuchokoa tope. Kisha nikahitaji kubadilisha betri, nikafungua ulimi wa nyuma, na velkro ikachanika kwa ile sauti yake. Jaruba zima likainuka.

Shangazi ameifumua velkro yote leo hii hii. Amenikatia kamba za pamba, tunafunga fundo la kiatu. Unavuta ncha moja, linafunguka kimya.

Agosti 16

Leo nimekosea mimi, na nataka liandikwe lilivyo. Nilivuka tuta la kati nikiwa nimeshaivisha lenzi, nimeiweka begani. Mlinzi akaniona kwa mbali: mtu mmoja, alfajiri, kitu kirefu kilichofungwa vitambaa begani. Alinisimamisha kwa sauti ambayo sitaisahau, na ana haki. Nilikaa chini, nikaweka mikono wazi, nikamwamkia, tukazungumza. Alipoona kioo na picha za ndege akatulia, lakini mikono yake ilikuwa bado inatetemeka, na yangu pia.

Toka leo: naripoti kwa msimamizi jioni ya kabla, nabeba kamera ikiwa uchi, mkobani, navisha nikishafika. Nguo inayovishwa kwa dakika chache ina faida hiyo juu ya rangi.

Na jambo la pili, kwa yeyote atakayetaka kurahisisha kwa kununua kitambaa cha madoadoa ya kijeshi: asinunue. Raia kuvaa mavazi yanayofanana na sare za jeshi ni kosa kisheria hapa kwetu, na mwaka 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku 7 kwa walio nayo kuyasalimisha. Merikani na tope havifanani na sare ya mtu.

Agosti 23

Mvuna chumvi mmoja, mzee, amekuja kukaa nami wakati wa chai. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaizunguka kamera mara mbili bila kuigusa.

"Mjukuu wangu, hii nguo unaivua usiku?"

Nikamwambia ya lenzi naivua, ila soksi za stendi naziacha ili nisihangaike alfajiri.

"Basi unaipikia kutu." Akanyanyua reki yake akanionyesha msumari unaoshika meno. "Chumvi hii haijasafishwa. Hainyamazi. Usiku inakunywa."

Nilipofika nyumbani nilifungua soksi za stendi. Kitambaa kilikuwa kibichi, na hakikunyeshewa. Chumvi ya bahari ambayo haijasafishwa ina magnesi ndani yake, na hiyo inavuta maji kutoka hewani. Soksi zangu zilikuwa zimeshika maji ya chumvi na kuyakumbatisha kwenye chuma usiku kucha kwa siku 13. Skrubu mbili za kibano zina kutu ya rangi ya machungwa. Nimezing'oa, nimezisugua kwa mafuta, moja imepona.

Utaratibu mpya: nguo inavuliwa pale pale jarubani kabla ya kuondoka. Nyumbani inalowekwa maji baridi, inasuuzwa mara mbili, inaanikwa. Stendi inapanguswa kwa kitambaa cha maji baridi kisha kikavu. Tope linapakwa upya kila safari, jambo ambalo nilidhani ni usumbufu, kumbe linanipa rangi ya siku ile.

Agosti 31

Kuvisha: dakika 6. Kuvua: dakika 2 na nusu.

Septemba 6

Wamefika. Kundi la chamchanga wenye mdomo uliopinda kidogo kwenda chini, wale wanaozaa kwenye tundra ya Siberia, wameteremka jarubani na maji ya bamvua. Nilikuwa nimeshakaa tangu gizani. Walikuja wakila, vichwa chini, mpaka hatua 22 kutoka kwenye lenzi, na mmoja wao akapita chini ya stendi yenyewe, kati ya soksi mbili.

Nimewatazama kwa saa nzima. Huko kaskazini walikuwa wekundu kama tofali. Sasa wanavua. Mmoja alikuwa na kifua chenye mabaka, hapa manyoya mekundu, hapa meupe mapya, mgongo umeanza kuwa wa kijivu. Mgongo wa kijivu, tumbo jeupe: rangi ile ile niliyoitoa kwa jodari nikaipaka kwenye merikani, huyu anaiotesha mwilini, unyoya kwa unyoya. Nguo zake za majira ya baridi anazimalizia hapa, juani, kwenye chumvi ya Bagamoyo, na theluji ikishaanguka huko kwao yeye hayupo kuiona.

Picha 41. Kumi kati yake ni nzuri.

Septemba 20

Hakuna jipya, isipokuwa kadibodi ya ukingo imelainika kwa unyevu. Nimeibadilisha na kipande cha ndoo ya plastiki.

Oktoba 12

Nimerudisha lenzi. Nilimwambia rafiki yangu kila kitu ilichopitia, pamoja na chokaa ambayo haikuifikia. Aliipeleka mlangoni penye mwanga, akazungusha pete ya kufokasi polepole, sikio karibu, kama mtu anayesikiliza saa. Akazungusha tena. Akaangalia kwenye mdomo wa pachiko, kwenye skrubu, kwenye maandishi meupe ya pembeni ambayo gundi ingeyang'oa. Kisha akaiweka kwenye mkoba wake.

Nguo imebaki kwangu. Imefuliwa, iko kwenye kamba uani, inakauka. Lenzi yangu mwenyewe ni fupi kwa viganja viwili na nyembamba shingoni. Shangazi amesema niilete Jumamosi aipime, na nije na merikani ya mita moja.